MTO WA MSITUNI NDANI YA SEBULE YA KABEZA

Mtu aingiaye Rwanda kwa barabara kutoka Ngara huvuka daraja la Rusumo, na hapo huonana ana kwa ana na mto Akagera. Maji yake ni ya rangi ya udongo mwekundu, mazito, yenye haraka. Juu yake huelea vichaka vya kijani vyenye maua ya zambarau, vikizunguka na kugongana kabla ya kutumbukia katika maporomoko. Karibu na hapo ndipo kilipo kituo cha umeme cha megawati 80 ambacho Tanzania, Rwanda na Burundi hukitumia kwa pamoja. Abiria wengi huyatazama maporomoko. Mimi, kwa sababu nitakazozieleza baadaye, nawaomba mvikumbuke vile vichaka vyenye maua.

Baada ya daraja gari huhama upande wa kushoto wa barabara na kushika wa kulia, na dereva wetu alitutania kwamba hapo ndipo watu wa Bara hujua kama wamelala au wako macho. Tukapita Kibungo, Kayonza na Rwamagana, milima ikipanda na kushuka, migomba pande zote. Jioni tukauona uwanja wa ndege wa Kanombe, nami nikashuka kabla ya kufika katikati ya jiji, kwa maana mwenyeji wangu anakaa Kabeza.

Kabeza ni mtaa wa watu wanaoamka mapema. Uko katika wilaya ya Kicukiro, jirani kabisa na uwanja wa ndege, na askari wengi wa zamani na wa sasa wamejenga au kupanga huko kwa kuwa kambi na hospitali ya jeshi ya Kanombe si mbali. Kuna soko, maduka ya vitambaa, mafundi cherehani, wachoma mishikaki, na zile pikipiki za abiria ambazo wenyeji huziita moto, kila moja na kofia ngumu ya ziada kwa ajili ya abiria. Ndege zikiruka, mazungumzo husimama kidogo, kisha huendelea pale pale yalipokatikia, wala hakuna anayeinua kichwa isipokuwa mgeni.

Mwenyeji wangu ni afande mstaafu. Jina lake nitaliacha, maana mwenyewe alisema kwamba yeye si mtu wa magazeti. Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na chenye amri, ingawa siku hizi, tangu Bunge la Rwanda lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, binti yake humsahihisha ngeli kwa kujidai. Nilikwenda kwake kwa shughuli nyingine kabisa. Lakini nilipoingia sebuleni niliisahau shughuli hiyo, kwa maana mahali ambapo nyumba nyingine huweka kabati la vyombo, pale palikuwa na mto.

Naam, mto. Hodhi la kioo, urefu wake mita moja, upana sentimita 40, kina sentimita 50, limekaa juu ya meza ya vyuma vilivyochomelewa. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Chini kulikuwa na mchanga mwembamba uliofunikwa na majani makavu, mizizi ilitokea juu kama ya mti ulioota ukingoni, na majani mapana ya kijani kibichi yalishikilia magogo. Samaki wanane wenye magamba makubwa yang'aayo walipita kwa kundi, macho yao mekundu juu. Pembeni, mbele ya kigae cha chungu kilichovunjika, alisimama samaki mdogo wa urefu wa kidole, tumbo lake jekundu kama zabibu iliyoiva, akinitazama kwa hasira.

"Huyo ni mama," alisema afande. "Usisogee. Ana watoto ndani."

Akaniambia habari yote usiku ule, nami naieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa nadhani wako wasomaji, hasa wale walio makambini na wenye watoto wanaopenda viumbe, ambao wangependa kulijaribu jambo hili bila kupitia hasara aliyoipitia yeye.

Mwaka 2014 afande alikuwa katika kikosi cha Rwanda kilichopelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwanza chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na kuanzia Septemba mwaka huo chini ya Umoja wa Mataifa. Bangui, mji mkuu wa nchi ile, umejengwa ukingoni mwa mto Ubangi, na ng'ambo ya pili ni Kongo. Ilikuwa miezi mibaya. Hakutaka kuisimulia nami sikumsukuma. Alisema tu kwamba zilikuwapo asubuhi chache za utulivu, zamu ikimkuta karibu na maji, na wavuvi wakija na mitumbwi yao, na katika vikapu vyao akaona samaki ambao hakuwahi kuwaona: wenye mdomo kama mkonga, wenye ndevu, wenye mistari, wengine wadogo waliong'aa kama shaba. "Nilijiambia, nikirudi mzima, nitaweka mto wa namna hii nyumbani, niutazame bila bunduki."

Alirudi mzima. Akastaafu. Sehemu ya akiba yake ikaenda kwenye kioo.

Hapa pana jambo la kwanza la kujifunza. Fundi wa madirisha alimwambia kwamba kioo cha milimita 5 kinatosha, kwa kuwa ndicho kinachotosha dirishani. Dirisha halibebi maji. Hodhi lenye kina cha sentimita 50 lahitaji kioo cha milimita 10, kilichogandishwa kwa silikoni safi isiyo na dawa ya ukungu, kisha liachwe likauke kwa wiki nzima kabla ya kutiwa maji. Afande, kwa bahati, alipiga hesabu kama anayepanga mzigo wa lori. Maji lita 180 ni kilo 180, kioo chenyewe kilo 45, mchanga na mawe kilo 40 na zaidi. Basi meza ya mbao ya mkewe isingeweza, na ndiyo maana ikatengenezwa ile ya vyuma, na sakafu ikapimwa kwa timazi, kwa kuwa hodhi likiinama hata kidogo uzito wote hulalia kona moja na kioo hupasuka.

Mkewe, ambaye nilimwita Mama kama nyumba nzima imwitavyo, alikuwa na neno lake. Mahali pale palikuwa pa kabati. Alikuwa amelisubiri kabati hilo miaka mitatu. "Nikaletewa maji," aliniambia, bila kucheka.

Jambo la pili ndilo lililowaumiza. Afande alilijaza hodhi maji ya bomba siku ya Ijumaa, na Jumamosi, baada ya umuganda, akanunua samaki kumi na mmoja kwa mchuuzi mmoja. Hakuuliza wametoka wapi. Wengine, alikuja kujua baadaye, asili yao ni Amerika ya Kusini, wengine Asia. Jumatatu wawili walikuwa wakielea. Kufikia Alhamisi hakubaki hata mmoja. Binti yake, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha kwanza na aliyekuwa amewapa kila mmoja jina, alikataa kula chakula cha jioni, akamwambia baba yake sentensi moja ambayo mzee huyu aliyeona vita anaikumbuka hadi leo: "Baba, umewaua kwa haraka."

Na kwa kweli ilikuwa haraka. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki. Yakiachwa wazi siku moja au mbili, hasa yakipulizwa hewa, nyingi hutoweka. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa kinyesi, na amonia ni sumu. Mtoni huchukuliwa na mkondo. Katika hodhi hapana wa kuichukua isipokuwa bakteria wa aina mbili: wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Bakteria hao hawauzwi sokoni Kabeza. Huota wenyewe juu ya mchanga na ndani ya sponji ya chujio, nao huchukua wiki nne hadi sita. Mtu atiaye samaki siku ya pili huwatia katika choo kisicho na shimo.

Binti ndiye aliyelipata jambo hili katika kitabu cha biolojia cha shule, katika sura ya mzunguko wa naitrojeni, sura ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani na kuiacha mlangoni. Kuanzia siku hiyo, bila tangazo lolote, uongozi wa hodhi ulihamia kwake.

Amri yake ya kwanza ilikuwa kuuliza ni mto gani. Baba alijibu: wa Ubangi. Binti akaorodhesha samaki ambao wangeweza kupatikana kwa njia halali katika nchi zetu za jirani, waliozalishwa na wafugaji na si waliovuliwa porini, na katika orodha ile hakuwemo wa Ubangi hata mmoja. Waliokuwemo, wawili walitoka upande mwingine: yule mdogo mwenye tumbo jekundu, ambaye wafugaji duniani humwita kribensis, na yule mwenye macho mekundu. Wote wawili ni wa mito midogo ya misitu ya kusini mwa Nigeria, karibu na delta ya mto Niger, na kribensis hufika hadi Kameruni. Afande akasema basi wachanganywe, Afrika ni moja. Hapo pakazuka ubishi wa siku tatu.

"Ukichanganya, Baba, hilo ni soko, si mto," ndivyo alivyosema binti, nami namwona ana haki. Maana shabaha ya kazi ya namna hii, tofauti na hodhi la mapambo lenye mapango ya plastiki na jahazi lililozama, ni kuweka pamoja vile ambavyo mahali pamoja pa dunia vimewekwa pamoja: samaki wa pale, mimea ya pale, mawe na maji ya pale. Ukifanya hivyo utaona mambo usiyoweza kuyaona kwingine. Utaona kwa nini samaki ana rangi ile, kwa kuwa ndiyo rangi inayoonekana katika maji ya chai. Utaona kwa nini hujificha chini ya jani.

Basi afande akaukubali mto asioujua. Hajafika Nigeria maishani mwake.

Kijito cha msitu wa kule, kama wanavyokieleza waliokichunguza, hupita chini ya miti mirefu. Jua halikifikii sana. Majani huanguka mwaka mzima na kuoza polepole, nayo huyapa maji rangi na uchachu kidogo. Maji yenyewe ni laini, yaani hayana chokaa nyingi, na joto lake ni la kati ya nyuzi 24 na 27. Chini ni mchanga na takataka za msitu. Hayo yote yalipaswa kupatikana Kigali, jiji lililo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako usiku joto huteremka hadi nyuzi 15 au 16.

Mchanga walichukua wa ujenzi, wakauosha mara kumi na mbili hadi maji yakatoka meupe. Mawe yalijaribiwa kwa siki: jiwe likitoa povu lina chokaa, nalo litayafanya maji kuwa magumu, basi hutupwa. Majani yalikuwa ya mpera na ya mwembe, yaliyookotwa yakiwa makavu chini ya miti isiyopigwa dawa, yakachemshwa kidogo. Mizizi ilileta matatizo. Kuni nyingi za Rwanda ni za mikaratusi, na mkaratusi una mafuta ambayo hakuna aliyetaka kuyaonja ndani ya hodhi. Hatimaye walipata mizizi ya mti mkavu wa mpera kwa jirani aliyekuwa akijenga ukuta, wakaichemsha katika pipa nusu siku, wakailoweka wiki tatu ikiwa imekandamizwa kwa mawe mpaka ilipozama yenyewe. Wakati wa kuloweka ndipo ilipotoa ile rangi ya chai. Mama aliyaona maji yale akadhani yameharibika, akayamwaga. Walianza upya.

Joto lilihitaji hita ya wati 200. Ikiwaka kwa jumla ya saa nane kwa siku, hula uniti 1.6 za umeme, na Mama ambaye ndiye anunuaye umeme alizihesabu. Walikubaliana kwamba hodhi livishwe blanketi kuukuu upande wa nyuma na ubavuni usiku, kioo cha juu kifunikwe, na hita ipunguzwe hadi nyuzi 24. Kwa ajili ya siku umeme unapokatika, ipo pampu ndogo ya hewa ya betri, iliyotundikwa msumarini kama taa ya dharura.

Mimea ilikuwa rahisi kuliko vyote. Ule wenye majani mapana huitwa anubia. Ni mmea wa mito ya Afrika ya Magharibi, unaoota juu ya mawe na magogo. Hupenda kivuli, hukua polepole mno, na haupandwi mchangani, maana shina lake likifukiwa huoza. Hufungwa kwa uzi juu ya gogo mpaka ujishike wenyewe. Afande aliufunga kwa fundo la kijeshi, na binti akasema ni jambo pekee ambalo baba yake alilifanya sawasawa mara ya kwanza.

Kisha wakangoja. Wiki sita hodhi lilikaa bila samaki, likilishwa kila siku chembe ya chakula ili ioze na kuwalisha bakteria. Wageni walikuja wakauliza mbona hodhi ni tupu. Afande aliwajibu kwamba si tupu. Nadhani, kwa mtu aliyezoea amri kutekelezwa papo hapo, zile wiki sita ndizo zilizokuwa kazi kubwa kuliko kubeba kioo.

Samaki wenyewe walitoka kwa mfugaji mmoja wa Kampala, na afande alikwenda kuwachukua mwenyewe. Sasa kila mtu ajuaye biashara hii anajua kwamba samaki husafirishwa ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa. Lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, na mtu aliyetumikia dola maisha yake yote hakutaka kufika mpakani Gatuna akiwa na mfuko. Akanunua ndoo mbili nyeupe zenye vifuniko, akazitoboa tundu juu, akapitisha mpira wa ile pampu ya betri, akazifunga kwa kitambaa zisipoteze joto. Karatasi za kibali alizitia katika bahasha ya kaki mfukoni mwa koti. Basi liliondoka Kampala usiku. Barabara ni kama kilomita 500, na Kabale ni baridi alfajiri, basi akaziweka ndoo katikati ya miguu yake na kuzifunika kwa koti, naye akabaki na shati. Mpakani ofisa alifungua kifuniko, akawatazama samaki, akamtazama mzee anayetetemeka, akauliza ni wa kuliwa au wa nini.

Wote kumi walifika hai: wanane wenye macho mekundu, na kribensis dume na jike. Katika orodha ya binti alibaki mmoja ambaye hakupatikana, samaki kipepeo, anayekaa juu kabisa ya maji na kuruka kukamata wadudu. Jina lake lingali limeandikwa kwa penseli ukutani.

Kwa msomaji asiyewajua, kribensis ni wa ukoo mmoja na sato, ila hazidi sentimita kumi. Jike ndiye mwenye rangi kali, na ndiye aanzaye kumchumbia dume kwa kujikunja na kuonyesha tumbo lake. Hutaga ndani ya pango, juu ya dari, ndiyo maana ya kile kigae cha chungu. Mayai huangaliwa na mama, na baba hulinda nje. Watoto wakitoka, wazazi wote wawili huwatembeza kwa kundi mchana na kuwarudisha pangoni jioni. Jambo la ajabu ambalo wataalamu wamelithibitisha ni kwamba uchachu wa maji huathiri idadi ya watoto watakaokuwa madume na watakaokuwa majike. Binti anayaandika haya yote katika daftari. Mama, aliyenyimwa kabati, sasa ndiye alindaye ndoo ya hodhi, na ole wake atakayeiosha kwa sabuni.

Siku ya pili nilimuuliza afande swali lililonikaa kooni. Kwa nini asiweke samaki wa Nyabarongo, mto wa kwao? Akajibu kwamba hao anaweza kwenda kuwatazama Jumapili. Kisha, kama aliyekumbuka jambo, akasema twende.

Tulipita katikati ya jiji na kuteremka upande wa magharibi hadi daraja la Nyabarongo, katika barabara iendayo Muhanga. Mto ni mpana hapo, mwekundu kwa udongo wa mashamba, na kingo zake zina matete na mafunjo. Maji yake mengine huanzia msitu wa Nyungwe, juu ya mgongo wa milima ugawao maji ya Afrika. Tone likianguka mashariki ya mgongo ule hushika Nyabarongo, hubadili jina na kuitwa Akagera, hupita Rusumo, huingia Ziwa Victoria na kwenda Misri. Likianguka magharibi hushuka hadi Ziwa Tanganyika, hufika mto Kongo, na huko mbele hukutana na maji ya Ubangi yaliyopita Bangui. Afande alinionyesha kwa mkono, huku na huku, kama anayeeleza ramani ya operesheni.

Halafu akanyamaza muda mrefu. Mto huu una kumbukumbu ambayo kila Mnyarwanda anayesimama darajani anaijua. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 watu walitupwa humu, na Akagera ikawafikisha Ziwa Victoria. Wavuvi na wanavijiji wa Uganda waliwatoa majini na kuwazika, na makaburi yao ya kumbukumbu yapo Kasensero, Lambu na Ggolo. Sikusema neno, wala yeye hakusema zaidi ya haya: "Kinachotiwa hapa hufika."

Njiani kurudi ndipo aliponieleza habari ya jirani. Mwaka uliopita jirani mmoja alikuja na hodhi lake dogo, amelichoka, lina mimea ya kuelea na samaki wachache wa kigeni. Alitaka kuyamwaga yote katika mfereji wa barabarani, ambao mvua ikinyesha huteremka bondeni. Afande alimzuia, nusura wagombane. Kwa maana gugu maji lile lenye maua ya zambarau, lile nililowaomba mlikumbuke pale Rusumo, si la huku. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu walilileta Afrika kwa uzuri wa ua lake, kupamba madimbwi ya bustani. Likaingia mitoni. Likasafiri na Akagera, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeonekana Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 mitumbwi ilikwama Kisumu na Mwanza, meli zilishindwa kutia gati, na mitambo ya umeme ya Jinja ilisumbuliwa. Ilibidi waletwe fukusi kutoka huko huko kwa gugu, wanaolila na kulidhoofisha, na bado halijaisha hadi leo. Sangara naye, aliyepandwa katika ziwa lile miaka ya 1950, alifagia jamii nyingi za samaki wadogo ambao hawakuwa popote pengine duniani.

"Na huyu wangu mwenye tumbo jekundu," alisema afande, "ni mzuri hapo alipo."

Kwa hiyo nyumba ile ina kanuni. Mimea inayopunguzwa hukaushwa juani hadi ivunjike, kisha huchomwa. Wavu wa samaki hautoki nje. Watoto wa samaki wanaozidi hupewa tu mtu mwenye hodhi lililo tayari, ambalo binti amekwenda kulikagua mwenyewe, na ameshawakataa wawili, mmoja wao mkubwa wa zamani wa baba yake. Bonde la Nyandungu, mwendo mfupi kutoka pale, ambalo lilikuwa limeharibiwa na limekarabatiwa na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 2022, lina mabwawa mazuri yenye ndege. Binti huenda huko na wenzake wa shule. Huangalia, huandika, hurudi na daftari tu.

Jioni yangu ya mwisho ilikuwa siku ya kubadili maji. Kila wiki hutolewa robo ya maji ya hodhi na kutiwa mengine yaliyokaa siku mbili ndani ya madumu ya manjano nyuma ya mlango. Afande alivuta maji kwa mpira, taratibu, ncha yake imefungwa kitambaa ili mtoto wa samaki asivutwe. Watoto walikuwa wametoka pangoni siku ile ile, wapata thelathini, wadogo kama herufi zilizoandikwa juu ya mchanga, mama yao mbele na baba nyuma. Ndege ikaruka kutoka Kanombe, vioo vikatetemeka, na kundi lote likalala chini kwa pamoja mpaka kishindo kilipopita.

Mama alizichukua ndoo tatu za maji ya chai, moja baada ya nyingine. Hakwenda nazo mferejini. Alizipeleka nyuma ya nyumba akazimwagia migomba minne iliyo karibu na ukuta, ambayo, nikiri kwa macho yangu, ilikuwa imenenepa kuliko migomba yote niliyoiona Kabeza.